Chai Isiyotokana na Mchai: Choya, Ubuyu na Ukwaju katika Kazi za Chama cha Msingi

Mada iliyotayarishwa kwa ajili ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Utemini, Singida



Katika Kiswahili cha kila siku, kunywa chai ni kula chakula cha asubuhi. Mtu aliyekunywa uji wa mtama akiulizwa kama amekwisha kunywa chai hujibu kwamba amekwisha kunywa, wala hakuna anayemwona kuwa mwongo. Hata nyasi yenye harufu nzuri inayopandwa kando ya nyumba imepewa jina la mchaichai, ingawa haina udugu wowote na mchai wenyewe. Neno hili lilitoka Uchina, ambako majani hayo huitwa cha, likapita Uajemi na Bara Hindi, likafika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na biashara. Leo limeenea hata mahali ambapo mmea wenyewe hauwezi kuota.

Mchai una masharti yake. Hutaka mvua nyingi, kwa kawaida isiyopungua milimita 1,200 kwa mwaka, na udongo wenye uchachu. Ndiyo sababu Wajerumani waliupanda kwanza Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na baadaye Rungwe mwaka 1904. Kilimo cha chai kwa biashara kilianza mwaka 1926, na hadi leo mashamba yako kwenye nyanda za juu za Tanga, Iringa, Njombe na Mbeya. Singida, ambayo sehemu zake nyingi hupata mvua ya milimita 500 hadi 800, haiwezi kuwa nchi ya mchai. Kila pakiti ya majani inayofunguliwa asubuhi katika nyumba na migahawa ya Utemini imetoka mbali, na fedha yake huenda mbali vilevile.

Jambo hilo peke yake si kosa, kwa maana biashara ni kubadilishana. Lakini kubadilishana huwa na haki pale kila upande unapopeleka kitu chenye jina, uzito na bei inayojulikana. Singida nayo ina vinywaji vyake: choya, ubuyu, ukwaju na mchaichai. Taabu ni kwamba vingi huondoka vijijini ndani ya magunia yasiyo na jina, kwa bei ya mchuuzi, na jina hupatikana mjini katika mikono ya mtu mwingine. Mada hii inakusudia kueleza ni mambo gani chama cha msingi hakina budi kuyashika kabla ya kuingia katika kazi hii, na ni mambo gani kiyaepuke.

FUNZO LA WAKULIMA WA CHAI

Inafaa kuanza na wakulima wa mchai, kwa kuwa wao wametangulia. Jani la chai huchumwa likiwa bichi: chipukizi moja na majani mawili. Likishachumwa lazima lifike kiwandani siku hiyohiyo, likanyaushwe, lisagwe, lichachushwe na kukaushwa. Kilo nne na nusu hadi tano za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Mkulima hawezi kuyaweka majani yake ghalani akingoja bei ipande. Asipouza leo, kesho ana taka.

Udhaifu huo ulionekana wazi mwaka 2013, pale kiwanda cha chai cha Mponde, mkoani Tanga, kiliposimama kwa sababu ya mgogoro wa uendeshaji. Kwa miaka kadhaa wakulima wadogo waliokizunguka walikosa mahali pa karibu pa kupeleka majani. Michai ilikuwa yao na mikono ilikuwa yao, lakini hatua moja iliyo kati ya shamba na pakiti haikuwa mikononi mwao, na kwa kukosa hatua hiyo walikosa vyote.

Funzo la pili linahusu jina. Kwa miaka mingi chai ya Tanzania iliuzwa zaidi katika mnada wa Mombasa, ikachanganywa na chai za nchi nyingine na kutiwa katika pakiti zenye majina ya wachanganyaji. Mnada wa Dar es Salaam ulianza Novemba 2023 ili sehemu ya biashara hiyo ifanyike nchini. Ikiwa zao lenye historia ya zaidi ya miaka mia moja bado linashindania jina lake, vyama vya Singida visitegemee kwamba choya au ubuyu utajitangaza wenyewe.

Hata hivyo nchi yenye mvua haba ina faida moja ambayo nyanda za juu hazina. Choya hukauka juani. Ukwaju hukomaa katika kiangazi. Ubuyu hukauka ndani ya kaka lake ukiwa bado mtini. Mazao haya yakitunzwa vizuri huweza kungoja, na mwenye mali inayoweza kungoja ana sauti mbele ya mnunuzi. Ndiyo kusema kwamba jua, ambalo huhesabiwa kuwa adui wa mkulima wa Singida, katika kazi hii ni mashine ambayo haikopeshwi na benki yoyote.

VINYWAJI VYENYEWE

Choya, ambayo wengine huiita rozela, hupandwa na mvua na kuvunwa mvua zikiwa zinakwisha. Kinachotakiwa ni ganda jekundu, nene na chachu, linalofunika kitumba cha mbegu baada ya ua kuanguka. Lichumwe wakati kitumba bado ni laini. Likiachwa mpaka kitumba kikauke, ganda huwa gumu na rangi hufifia. Nchini Sudan, hasa Kordofan, ganda hilo hukaushwa na kuuzwa nchi za nje kwa jina la karkade, na hunywewa likiwa moto au baridi.

Ubuyu ulipata soko jipya mwaka 2008, Jumuiya ya Ulaya ilipokubali unga wake uuzwe kama chakula, na mwaka 2009 Marekani nayo ikafungua mlango. Unga huo una vitamini C, ambayo hupotea kwa moto mwingi; kwa hiyo ni bora kuukoroga katika maji ya uvuguvugu au ya baridi kuliko kuuchemsha kwa muda mrefu. Mbuyu huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa kwa mara ya kwanza. Anayeukata au kuuchuna magome ovyo anawanyang'anya wajukuu wake.

Ukwaju hujulikana na wote, na mchaichai huweza kustawi kwa maji yaliyooshea vyombo nyumbani. Ukwaju, ubuyu, choya na mchaichai havina kafeini kama majani ya chai. Kwa hiyo huweza kunywewa jioni bila kuondoa usingizi.

Liko jambo la afya ambalo yafaa akina mama walifahamu. Chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula hupunguza uwezo wa mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika nafaka, maharage na mboga, na upungufu wa madini hayo huleta upungufu wa damu. Vitamini C hufanya kinyume chake: husaidia mwili kuyachukua. Familia inayokula ugali na mlenda, ikanywa ubuyu badala ya chai ya rangi, imefanya jambo la busara bila gharama kubwa. Vinywaji hivi vichachu visihifadhiwe katika sufuria za alumini, kwa kuwa uchachu hula chuma hicho. Vitumike vyombo vya kioo, vya udongo au vya chuma kisichoshika kutu.

WENGINE WANAVYOFANYA

Katika nchi ya Vietnam chai ni heshima ya kwanza kwa mgeni, na mkoa wa Thái Nguyên unasifika kwa chai yake ya kijani. Lakini watu wa huko hawaishii katika jani la mchai. Huchemsha majani na vitumba vya mti uitwao vối, hukausha ua la atichoki linalolimwa Đà Lạt, na hutia chai harufu ya asumini au ya yungiyungi la maji. Chai ya yungiyungi ya Hanoi ni kazi ya uvumilivu. Maua huchumwa alfajiri kabla hayajachanua kabisa, chembe zake ndogo zenye harufu hutengwa kwa mkono na kuchanganywa na chai kavu, kisha chai hukaushwa, na kazi hurudiwa tena na tena. Kilo moja huweza kula maua elfu moja na zaidi.

Kazi hiyo huwezekana kwa sababu moja tu: jani kavu hunyonya harufu na unyevu wa kila kitu kilicho karibu nalo. Likilazwa na yungiyungi hutoka na harufu ya yungiyungi. Makatibu wa Singida watambue upande wa pili wa sifa hiyo. Choya au mchaichai ukilazwa ghala moja na vitunguu utatoka na harufu ya vitunguu; ukilazwa karibu na mafuta ya taa, mbolea au dawa ya wadudu, haufai tena kwa kinywa cha mtu. Ghala la vitunguu si ghala la chai, hata kama kuna nafasi.

Mwaka 2018 serikali ya Vietnam ilianzisha kwa nchi nzima mpango wa kila kata kuwa na bidhaa yake, kwa kufuata mfano ulioanza katika mkoa wa Oita, Japani, mwaka 1979. Bidhaa hupimwa na kupewa nyota, moja hadi tano, na vyama vya ushirika ni miongoni mwa wanaozitengeneza. Kinachopimwa si ladha peke yake. Huangaliwa pia mali imetoka wapi, imefungwaje na nani anawajibika kwayo.

Karibu zaidi na hali ya Singida ni Afrika Kusini, ambako kuna kichaka kiitwacho rooibos, kinachoota katika milima mikavu ya Cederberg na sehemu za jirani. Majani yake hukatwa, hupondwa, huachwa yageuke rangi, kisha huanikwa juani. Wakulima wadogo wa Suid Bokkeveld, waliokuwa wakiuza kwa wanunuzi wakubwa kwa bei wasiyoipanga, waliunda chama chao cha ushirika cha Heiveld mwaka 2001, wakaanza kuuza pamoja na kufikia masoko ya nje kwa jina lao. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ulilinda jina la rooibos lisitumiwe kwa majani yaliyotoka mahali pengine. Hiyo ni chai ya nchi yenye mvua haba, na ushirika wake ulianza na watu wachache.

KICHANJA, MIZANI NA GHALA

Ikiwa chama kinataka kufuata njia hiyo, kazi haianzi na pakiti nzuri. Huanza na kichanja. Choya iliyoanikwa chini hukusanya mchanga, vinyesi vya kuku na mbuzi, na unyevu wa ardhi. Iliyoanikwa juu ya kichanja chenye wavu au mkeka safi, kwa tabaka jembamba na ikigeuzwa mara kwa mara, hukauka sawasawa na kubaki nyekundu. Jioni ifunikwe, maana umande wa usiku mmoja huharibu kazi ya siku mbili.

Jambo la pili ni unyevu, na hapa ndipo hesabu ya chama inapopona au kufa. Ikichukuliwa mathalani kwamba choya mbichi ina maji sehemu 88 kwa mia, kilo 10 mbichi zina kilo 1.2 tu ya mali yenyewe. Zikikaushwa mpaka maji yabaki sehemu 10 kwa mia, uzito wake utakuwa kilo 1.3 hivi. Mwanachama asiyeielewa hesabu hii huona ameibiwa akiletewa bei ya choya kavu. Mwanachama anayeielewa mno naye huleta choya ambayo haijakauka.

Chama kikipokea kilo 100 zenye unyevu wa sehemu 20 kwa mia, mali iliyomo ni kilo 80. Zikikauka ghalani mpaka sehemu 10 kwa mia, uzito hubaki kilo 89 hivi. Kilo 11 ambazo mwanachama alilipwa zilikuwa maji, na upungufu huo utaonekana wakati wa ukaguzi kama kwamba karani ameiba. Zaidi ya hayo, gunia bichi huota ukungu, na ukungu hauishii katika gunia moja. Kwa hiyo kila mzigo upimwe unyevu kabla ya kupandishwa kwenye mizani, na kipimo kiandikwe kwenye stakabadhi pamoja na uzito, mbele ya mwenye mali.

La tatu ni gunia lenyewe. Wakulima wa vitunguu wa mkoa huu hawana haja ya kuelezwa maana ya lumbesa. Wanajua uchungu wa kujaza gunia mpaka shingo na kuongezewa kilemba juu yake kwa bei ileile. Choya na ubuyu zisiingizwe katika desturi hiyo. Ziuzwe kwa kilo, kwa mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, wala si kwa debe au kwa gunia.

KINYWAJI KISIFANYWE DAWA

Hatari nyingine hutoka katika ulimi. Wauzaji wengi wa majani huandika juu ya pakiti kwamba kinywaji chao huponya kisukari, shinikizo la damu, vidonda vya tumbo na maradhi mengine, yote kwa pamoja. Ni kweli kwamba uchunguzi uliofanywa kwa watu umeonyesha choya inaweza kushusha kiasi shinikizo la damu. Lakini mgonjwa anayeacha vidonge vyake kwa sababu ya pakiti ya chama anaweza kufa, na anayevimeza pamoja na choya nyingi apaswa kumwarifu daktari wake.

Sheria nazo zimetenganisha mambo haya. Chakula na vinywaji husimamiwa na Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 limechukua kazi ya usalama wa chakula. Tiba asili ina sheria yake ya mwaka 2002 na baraza lake. Chama kilichosajili kinywaji kisiuze dawa kwa mlango wa nyuma. Maneno yanayotosha juu ya pakiti ni jina la bidhaa, mahali ilikotoka, uzito, tarehe ya kufungwa na ya mwisho wa matumizi, jinsi ya kuiandaa, na jina la chama. SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, huwasaidia watengenezaji wadogo kufika TBS. Makatibu waitumie njia hiyo kabla ya kuchapisha makaratasi.

CHAI ISIYOANDIKWA

Neno chai lina maana moja zaidi ambayo haiwezi kupitwa katika mkutano wa ushirika. Mtu anayetaka mzigo wake upokewe ukiwa mbichi humpa karani chai. Mnunuzi anayetaka apewe mali kabla ya wengine humpa kiongozi chai. Chai ya namna hiyo haina stakabadhi, wala haionekani katika leja, lakini hulipwa na kila mwanachama. Iko katika zile kilo 11 za maji. Iko katika gunia lenye ukungu lililorudishwa na mnunuzi, na katika soko lililofungwa kwa sababu ya gunia hilo.

Vyama vingi vya ushirika nchini havikuangushwa na ukame. Viliangushwa na madeni yasiyoidhinishwa, upotevu usioelezwa na makarani wasiosimamiwa. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 imewapa wanachama uwezo kupitia mkutano mkuu, na COASCO imekuwa ikikagua hesabu tangu ilipoundwa mwaka 1982. Lakini mkaguzi hufika mara moja kwa mwaka, na mizani hufanya kazi kila siku. Mlinzi wa kweli wa mizani ni mwanachama anayejua kusoma namba yake mwenyewe na asiyeona haya kuuliza.

KABLA YA MSIMU

Bodi za vyama zinazofikiria kazi hii zinashauriwa kuyapeleka mambo yafuatayo mbele ya wanachama.

Kwanza, iandikwe orodha ya wanachama walio na choya, na ya mibuyu na mikwaju iliyopo, pamoja na wenye haki ya kuchuma kwa desturi ya kila kijiji. Ugomvi juu ya mti mmoja unaweza kuvunja chama kizima.

Pili, kazi ianze na bidhaa moja, kwa kiasi kidogo, kwa fedha za wanachama wenyewe. Chama kisikope kununua mashine ya kufungia kabla hakijamaliza msimu mmoja wa kukausha bila kuota ukungu. Kila deni liwe ndani ya ukomo uliopitishwa na mkutano mkuu.

Tatu, wanawake, ambao katika nyumba nyingi ndio wanaochuma, kumenya na kuanika, wawe wanachama kwa majina yao na walipwe kwa majina yao. Choya iliyochumwa na mama ikaandikwa katika kadi ya baba huleta mavuno mwaka wa kwanza tu.

Nne, mauzo ya kwanza yafanyike hapahapa. Migahawa, shule, mikutano na harusi za Utemini na za Manispaa yote ni soko. Kinywaji ambacho watu wa Singida wenyewe hawakinywi hakiwezi kusifiwa mbele ya mgeni, na kasoro yake ni afadhali isemwe na jirani kuliko na mnunuzi wa ng'ambo aliyekwisha kulipa.

Tano, kila mzigo upewe namba inayoonyesha siku, kituo na mwenye mali, ili ukipatikana ubovu ujulikane umetoka wapi, asije akaadhibiwa asiyehusika.

Mambo haya matano hayahitaji mfadhili. Yanahitaji daftari, mizani iliyo sahihi, vichanja vya miti na katibu anayekataa kupokea gunia bichi hata kama ni la mwenyekiti wake. Chama kikiyashika, pakiti yenye jina la Singida itakuwa na kitu cha kweli ndani yake.

Ushirika ni nguvu, na nguvu hiyo hupimwa kwenye mizani.